Kingo za Sabaki, Lambo la Kijijini au Mchanga wa Shela: Bonde Lipi Linawezekana?

Tulikaa chini ya mwembe tangu saa tatu asubuhi, na ilipofika adhuhuri chama chetu cha watumiaji maji hapa Malindi kilikuwa kimepasuka mapande mawili. Pesa zilizoahidiwa zilikuwa za kazi moja, mahali pamoja, ripoti moja. Wanachama wa kando ya mto walitaka kingo za Sabaki zipandwe miti kabla mto haujamaliza mashamba yao. Wale wa nyuma, upande wa Magarini ambako maji ya mto hayafiki, walitaka lambo lao lizolewe tope na mteremko unaolimwagia maji ushughulikiwe. Kisha mjumbe mmoja aliyeoa Lamu akaongeza la tatu: kule Shela, alisema, watu hawapandi wala hawachimbi, wanauacha mchanga ulivyo, na mji wa Lamu unakunywa.

Mimi ni katibu, basi nikatupiwa kazi ya kuandika upembuzi yakinifu. Neno ni kubwa kuliko kazi yenyewe. Unachotafuta ni kujua kama bonde fulani, yaani eneo lote ambalo mvua yake huteremkia mahali pamoja, linaweza kutunzwa na watu mlio nao na pesa mlizo nazo, na kama pesa zikiisha kuna atakayeendelea. Nimeyapanga hapa mabonde hayo matatu ubavu kwa ubavu, maana najua kuna vyama vingine vya watumiaji maji hapa pwani vilivyokwama pale pale tulipokwama sisi.

## Tone la kwanza linaangukia kwa nani?

Kawaida watu huanza kwa kuuliza wapi pameharibika zaidi. Kwa kipimo hicho Sabaki hushinda kila mara, na kikao huisha hapo. Baada ya kupoteza msimu mzima kwa njia hiyo (nitalieleza hilo mbele), sasa naanza na swali jingine: maji haya yanaanzia kwenye ardhi ya nani, na je, huyo mtu naweza kumfikia na kumsalimu?

Sabaki ina majina matatu kabla ya kuiona bahari. Inaanza kama Athi, kusini mwa Nairobi, ikipokea na mito ya jiji lenyewe. Inapita Machakos, inakuwa mpaka kati ya Makueni na Kitui, na ndani ya Tsavo inakutana na mto Tsavo unaoleta maji ya upande wa Kilimanjaro. Hapo inaitwa Galana. Huku kwetu ndipo inapokuwa Sabaki. Ni safari ya karibu kilomita 390, na sisi tunakaa kwenye ncha ya mkia.

Lile tope linaloipaka bahari rangi ya chai ya maziwa ni udongo wa wenzetu wa juu: vilima na mashamba ya Ukambani, na mbuga zilizolishwa mifugo mpaka zikawa wazi. Ushahidi wake umo kwenye matumbawe yetu wenyewe. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka mfano wa mti, na kila tabaka huhifadhi dalili ya udongo ulioletwa na mto wakati ule. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha walichosoma kwenye tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 300. Kuanzia 1700 hadi 1900 hivi, udongo wa Sabaki ulikaa karibu kiwango kimoja. Baada ya 1900 ulianza kupanda, na ukaendelea kupanda kadiri watu walivyoongezeka na ardhi ilivyolimwa. Makadirio ya miongo ya karibuni ni mamilioni ya tani kwa mwaka.

Kwa hiyo ukipanda miti kwenye ukingo hapa Malindi, unauzuia ukingo wako usiliwe. Ukambani itaendelea kuja. Hili nililisema mkutanoni likawaudhi watu, lakini ni heri waudhike kabla ya kununua miche.

Wavuvi wetu wanaijua ratiba ya tope kuliko ofisi yoyote. Kusi ikivuma, maji ya mto husukumwa upande wa Ngomeni. Kaskazi ikishika, hasa mvua za vuli zikiwa zimelisha mto, tope hugeuka kusini likaingia ghuba ya Malindi na ile hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968. Ukimpeleka mfadhili ufukweni mwezi wa Julai atakuta bahari safi na kukuuliza tatizo liko wapi.

Sasa lambo. Tuliuzunguka mgongo wa bonde lake watu wanne, na panga moja na simu ya kuwekea alama, tukamaliza kabla ya jua kukaza. Ndani ya mpaka ule kila boma tulilijua kwa jina. Mmoja ni mjomba wangu, na ndiye mwenye shamba lenye korongo baya kuliko yote.

Shela ni kitu cha tatu kabisa. Hakuna mto. Mvua inaangukia vilima vya mchanga, inazama, na huko chini maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Kanuni yake ni ya kukaririwa: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 chini ya usawa huo. Kinyume chake ndicho kinachotisha. Pampu ikishusha maji ya juu kwa mita 1, chumvi chini inaweza kupanda mita 40, na chumvi ikishapanda haishuki kwa mvua ya msimu mmoja.

## Hesabu za lambo

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo vyama vingi hukosea na ndipo penye hesabu anayoiweza mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi. Bonde la lambo likiwa hekta 50, hiyo ni mita za mraba 500,000. Ikinyesha mvua moja nzuri ya milimita 30, zimeanguka mita za ujazo 15,000. Lakini nyingi huzama au kukauka. Kwenye ardhi yetu ya mchanga mwekundu, uso wake ukiwa umeganda na kukosa nyasi, tuseme sehemu 2 kati ya 10 zitatiririka. Hapo lambo linapata mita za ujazo 3,000. Nyasi zikiwa zimeshika vizuri, pengine ni sehemu 1 kati ya 10, na lambo linapata 1,500.

Umeliona tatizo? Ukilitunza bonde vizuri, lambo linapata maji machache zaidi. Washauri wengi hulipita hili kimya kimya. Mwanakijiji akiona mwaka wa kwanza baada ya matuta lambo halikujaa kama zamani, atasema mradi umeleta mkosi, na hutakuwa na la kumjibu kama hukumwambia mapema. Jibu lenyewe lipo: maji yanapungua kwa ujazo lakini yanakuja bila tope, na lambo linaishi muda mrefu zaidi. Lambo lenye uso wa mita za mraba 3,000 likipata tope la sentimita 10 tu, limepoteza nafasi ya mita za ujazo 300. Hiyo ni mitungi 15,000 ya lita 20, kila mara linapojaa, milele, mpaka mtu aje na jembe au tingatinga.

Halafu kuna jua. Huku nyuma ya Malindi, jua na upepo hunyonya kama milimita 6 kwa siku kutoka kwenye maji yaliyo wazi. Kwa siku 100 za kiangazi ni sentimita 60. Kwenye lambo lile la mita za mraba 3,000, hizo ni mita za ujazo 1,800. Uso hupungua maji yakishuka, kwa hiyo hesabu halisi iko chini kidogo, lakini linganisha na watu: nyumba 80 zikichota mitungi 5 kila moja kwa siku ni lita 8,000, yaani mita za ujazo 800 kwa siku zile zile 100. Ng'ombe 150 wakinywa lita 25 kila mmoja ni mita za ujazo 375. Watu na ng'ombe wao wote hawafikii anachokunywa jua.

Niliposoma hesabu hiyo mkutanoni mama mmoja alisema, "Katibu, basi jua nalo lisajiliwe uanachama, lilipe ada." Tulicheka, lakini baada ya hapo hakuna aliyedai tena lambo lipanuliwe. Wote walidai liende chini. Lambo lenye kina kirefu na uso mwembamba, lenye miti upande unaotoka upepo, linashinda lambo pana lenye kina cha kiuno.

Historia nayo inatuonya. Magarini iliwahi kuwa na mradi mkubwa wa makazi, uliogharamiwa na serikali ya Australia kati ya miaka ya 1970 na 1980. Mashamba yalipimwa, barabara zikakatwa. Maji ndiyo yaliyokuwa jiwe la kujikwaa: yalichukuliwa kuwa yatapatikana, na hayakupatikana kwa kiasi kilichotarajiwa. Wazee waliokuwa vijana wakati ule bado huuliza kila mgeni mwenye ramani, "Maji umeyaona wewe mwenyewe?"

Kwa hiyo kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa bajeti, fanyeni vitu viwili ambavyo havina gharama. Pigilieni nondo katikati ya lambo lililokauka, mtie alama ya rangi kwenye usawa wa tope, mpime tena baada ya masika. Na kila mvua inapoingia, jazeni chupa ya plastiki maji ya mdomoni mwa lambo, iacheni ilale usiku kucha, asubuhi mpime tope lililotuama kwa rula ya mtoto wa shule. Misimu miwili ya chupa na rula itawaambia kama tope linatoka kwenye korongo moja la kuzibwa au linatoka kila mahali. Ni tofauti kati ya kazi ya mwezi na kazi ya miaka kumi.

Tulipofanya hivyo kwetu, chupa za upande wa shamba la mjomba zilikuwa nusu tope.

## Mawe hayapo

Vitabu vya kuhifadhi udongo vinapenda mawe. Panga mawe kwenye korongo, maji yatapunguza mwendo, tope litatuama nyuma yake. Kule Machakos inawezekana, na wenzetu wa kule wamefanya makubwa kwa matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko. Magarini yetu ni mchanga mwekundu kwenda chini, tabaka juu ya tabaka. Anayetaka kuuona vizuri aende Marafa, kule Nyari, ambako mmomonyoko umechonga minara na mabonde mekundu mpaka watalii wanalipa kiingilio kuutazama. Ni mahali pa kupendeza, na mimi kila nikisimama pale hufikiria shamba la mjomba baada ya miaka mia.

Kusomba mawe ya matumbawe kutoka pwani kwa lori kulikula bajeti yetu ya karatasi kabla hatujaanza. Kilichobaki ni vitu vinavyoota: minyaa iliyopandwa mistari miwili ikikatiza korongo, mkonge kwenye kingo zake, nyasi za vetiva kwenye mistari ya kontua, yaani inayokatiza mteremko kwa usawa mmoja, na magunia yaliyojazwa mchanga kwa msimu wa kwanza huku mimea ikishika. Vetiva inataka kumwagiliwa mwanzoni. Minyaa haitaki lolote, ila utomvu wake uwe mbali na macho ya watoto.

Fanya juu kwenye mchanga kama huu huporomoka upesi. Matuta yawe mapana na mafupi kimo, yenye nyasi siku ile ile yanapotengenezwa. Vinginevyo umetengeneza korongo jipya kwa pesa za mradi.

## Miche iliyokwenda baharini

Sasa lile la msimu uliopotea. Mwaka 2023 tulipata miche ya bure, mchanganyiko wa mianzi na miti ya mbao, na tukaipanda ukingoni mwa Sabaki mwezi wa Oktoba ili vuli iiotee. Vuli ile ilikuja na El Niño. Mwezi wa Novemba mto ulipanda, ukakaa juu siku kadhaa, na uliposhuka ulikuwa umeondoka na miche, na ardhi iliyokuwa chini ya miche, na migomba ya jirani. Hatukuwa na wa kumlaumu. Mafuriko ya Mei 2018 yalikuwa yamepita pale pale na sisi wenyewe tuliyakumbuka; hakuna aliyefungua mdomo.

Tulichojifunza ni kwamba ukingo mmoja una tabia mbili. Pale mto unapopinda, maji hukimbia upande wa nje wa pindo na kula. Upande wa ndani huenda polepole na kuacha mchanga. Kupanda miche upande wa nje bila kuzuia miguu ya ukingo kwanza ni kulisha mto. Kuzuia miguu yenyewe kwataka mawe kwenye nyavu za waya, na mhandisi, na pesa ambazo chama cha kijiji hakina. Upande wa ndani, matete huota yenyewe, hayahitaji mradi; unahitaji tu watu wasiyachome na wasilime mpaka majini.

Na hiyo "tu" ndiyo ngumu kuliko zote. Kanuni za maji za 2007 zilitaka ukanda wa mita 6 hadi 30 kando ya mto uachwe bila kulimwa, kulingana na upana wa mto. Kwa Sabaki hiyo ilikuwa mita 30. Mtu mwenye shamba la upana wa mita 60 kutoka mtoni, lenye bamia, nyanya na migomba inayomsomesha mtoto, unamwambia aache nusu. Na unayemwambia ni mtu wa ardhi hii, mwenye kumbukumbu: mwaka 1914 Waingereza waliwaamuru Wagiriama wahame kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, na yaliyotokea wakati wa Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza kuwapinga Waingereza, kila mtoto huku anayasikia. Ukifika ukingoni na kigingi cha kupimia, tayari umefika na historia. Mzee mmoja alinijibu kwa upole: "Mwanangu, miti yako naitaka. Kigingi chako kaa nacho."

Kwa hiyo kwenye ukingo linalowezekana ni makubaliano ya pole pole: embe na mnazi badala ya bamia kwenye mita zile za mbele, mashine za kuvuta maji zisogezwe nyuma, mifugo inywe kwenye njia moja iliyochaguliwa badala ya kuteremka kila mahali. Ni kazi ya kweli, ila ni ya shamba kwa shamba. Wala haitabadilisha rangi ya bahari.

## Ubavu kwa ubavu

| | Kingo za Sabaki | Lambo la Magarini | Mchanga wa Shela |
|---|---|---|---|
| Kuzunguka mpaka wa bonde | Kutoka Nairobi hadi pwani | Asubuhi moja | Siku moja |
| Adui | Mafuriko, tope la juu | Jua, tope, ng'ombe | Majengo, vyoo, pampu |
| Vifaa | Mawe, nyavu za waya, mhandisi | Minyaa, mkonge, majembe | Sheria na kipimo cha chumvi |
| Lini utaona matokeo | Mto ukipenda | Misimu miwili | Ukifaulu, huoni kitu |

Mstari wa mwisho wa Shela si mzaha. Kazi ya kule ni kuhakikisha kisima kinabaki vile vile mwaka hadi mwaka, na wafadhili hawapendi picha ya kisima kilichobaki vile vile. Lakini ukiniuliza ni bonde gani kati ya haya matatu lenye gharama ndogo kwa kila mtungi wa maji, nitasema Shela bila kufikiri. Mvua yenyewe, chujio lenyewe, tangi lenyewe. Gharama yake iko kwenye ugomvi, kwa sababu mchanga unaotazama bahari ile ni ardhi ya thamani kubwa, na kila nyumba inayopandishwa juu ya vilima huja na shimo la choo na hamu ya kisima chake. Chama kinachotaka kufanya kazi kule kinahitaji wakili kabla ya kuhitaji jembe.

Kwa visiwa vingine vya Lamu, Pate huko kwa mfano, hata hili halina nafasi kubwa. Kule wenyewe wameshajibu zamani kwa majabia, ile sakafu kubwa ya saruji inayodaka mvua na kuiingiza kwenye birika. Jabia ni bonde ulilolijenga mwenyewe. Halina jirani wa juu wa kukuletea tope.

## Nani atalipa mwaka wa tatu

Kuna mfano unaotajwa sana kwenye semina, ule wa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ulioanzishwa 2015. Nairobi inakunywa maji ya Tana, wakulima wa juu wanasaidiwa kutengeneza matuta, jiji linapata maji yenye tope kidogo. Mantiki yake ni safi: anayekunywa chini anamchangia anayelima juu.

Kila mara mtu akiuleta mfano huo kwa ajili ya Sabaki, mimi huomba ramani igeuzwe. Kwenye Sabaki, Nairobi ndiyo iko juu. Chini tuko sisi. Tena walaji wakubwa wa maji ya mto huu, Malindi, Kilifi na Mombasa, wanayapata kupitia visima vya Baricho vilivyochimbwa kwenye mchanga wa kando ya mto, na mchanga huo umeshayachuja. Anayefungua mfereji wake mjini haoni tope, kwa hiyo haoni kwa nini alipe. Anayeliona ni mvuvi, mwenye hoteli, na mkulima aliyeliwa shamba, na hao watatu hawajawahi kukaa kikao kimoja.

Lambo lina jibu dogo lakini lipo. Shilingi chache kwa mtungi, kiasi kinachokubaliwa na wote kwa kila ng'ombe, daftari moja, na mweka hazina asiye jamaa ya mwenyekiti. Fedha hiyo haijengi kitu. Inamlipa mtu wa kuziba pengo la minyaa mvua ikitoboa, na inanunua mundu wa kukatia nyasi. Kwa hesabu yetu, mwaka wa tatu unahitaji pesa kidogo kuliko soda za mkutano wa kwanza.

Vibali visisahauliwe. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji maji, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo inayotoa idhini ya kujenga lambo na kuchota maji kwa wingi. Malindi tumo kwenye bonde la Athi na Lamu wamo kwenye bonde la Tana, kwa hiyo majirani wawili wa pwani moja wanahesabiwa kwenye mabonde mawili tofauti. Jueni mapema faili lenu ni la bonde lipi. Sisi tulipanga foleni asubuhi nzima kwenye dirisha lisilo letu.

## Kama ni wewe unachagua

Chagua lambo kama bonde lake ni dogo la kuzungukwa kwa miguu, kama wenye mashamba ya juu ndio hao hao wanaochota chini, na kama nondo na chupa vimeonyesha tope linatoka kwenye makorongo machache. Likikosekana hata moja kati ya hayo, simama. Lambo ambalo wa juu hawachoti na wa chini hawana mamlaka ni Sabaki iliyopunguzwa ukubwa; shida ni zile zile.

Chagua ukingo wa mto kama mko upande wa ndani wa pindo, au kama yupo mwenye fungu la kutosha kwa mhandisi, na kama wakulima wenyewe ndio waliokuja kuwaomba. Usiandike popote kwenye maombi kwamba mtasafisha bahari.

Chagua mchanga, ule wa Shela au vilima vingine vinavyofanana navyo, kama uko tayari kwa miaka ya barua, vikao na kupima chumvi kila mwezi bila kupigwa picha. Kipimo cha chumvi cha mkononi kinatosha. Andika namba ukutani mwa kisima, kila mtu aisome.

Sisi tulipiga kura. Lambo lilishinda kwa kura tatu, na nadhani mbili kati ya hizo zilitokana na ile hesabu ya jua. Mjomba alitaka kwanza kujua atapoteza kiasi gani cha shamba kwa mistari ya minyaa. Tulimpimia hatua kwa hatua, akakuta korongo lilikuwa limeshamchukulia zaidi ya hapo, akatoa jembe lake mwenyewe.

Wa kando ya mto walikubali kwa sharti moja: kitalu cha vetiva na mkonge kiwe kwao, maana maji ya kumwagilia wanayo. Tukakiweka nyuma ya migomba, hatua 60 kutoka ukingoni. Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua miche, nikahesabu tena. Ni hatua 52.